Tulipoifungua Karteri Nyumbani

Katika gari kuna sehemu ambazo mwenye gari anazijua kwa kuziosha kila Jumamosi, na kuna nyingine ambazo hazijui hata kwa jina mpaka siku zitakapomlaza njiani. Karteri ni ya kundi hilo la pili. Ni bakuli la bati la chuma lililofungwa chini kabisa ya injini kwa buloni ndogo ndogo, na ndani yake oili yote hupumzika gari linapozimwa. Ndugu zetu wa Tanzania huiita sampu, kwa kuwafuata Waingereza. Sisi tumelichukua neno karteri kwa Wafaransa, na hatuoni sababu ya kugombana. Kwa jina lolote kazi yake ni ile ile: kuiweka oili mahali ambapo pampu itaikuta.

Anayeishi Bukavu hahitaji kuelezwa kwa nini karteri huumia. Mji wetu umepanda milima na kushuka mpaka kwenye rasi za Ziwa Kivu. Ukitoka penye lami umeingia penye mawe, na mvua ikishanyesha, maji huubeba udongo na kuyaacha mawe yamesimama kama meno. Magari yetu madogo yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani. Yanatufikia yakiwa na usukani upande wa kulia, ilhali sheria yetu inatutaka tupite upande huo huo wa kulia wa barabara, na dereva hulazimika kunyoosha shingo kama twiga kabla ya kumpita mwenzake. Lakini jambo linaloyaumiza zaidi ni kwamba tumbo lao liko karibu sana na ardhi, na sehemu ya kwanza ya tumbo hilo kukutana na jiwe mara nyingi ni karteri.

Gari tunalolizungumzia ni Toyota Corolla yenye umri unaozidi ule wa kijana anayeiendesha. Mwana wetu wa pili huitumia kama teksi kati ya Panzi na Nyawera, na kutokana nayo wadogo zake wawili hulipiwa masomo. Katika msimu wa mvua, njiani kuelekea Kavumu, jiwe lilipiga chini kwa kishindo. Kijana alisimama, akainama, akaangalia. Hakuona tone la oili. Akashukuru, akaendelea na safari, na kila mmoja wetu angefanya vivyo hivyo.

Hapo ndipo wengi hudanganyika. Tunaogopa karteri iliyotoboka, kwa sababu oili iliyomwagika barabarani inaonekana na kila mpita njia. Karteri iliyobonyea bila kutoboka haimwogopeshi mtu. Na kumbe ndani, pampu ya oili inavuta kupitia bomba fupi lenye kichujio cha wavu mdomoni, na mdomo huo umeshushwa karibu kabisa na sakafu ya karteri ili upate oili hata ikipungua. Jiwe likiisukuma sakafu juu, sakafu hukutana na mdomo na kuuziba. Oili ipo, haikupungua hata kijiko, lakini pampu inavuta kwa shida kama mtu anayekunywa kwa mrija ulioshinikizwa kwenye sakafu ya kikombe. Injini hufa kwa kiu huku imekaa juu ya kisima.

Dalili ilikuja baada ya siku chache. Injini ikishapata moto, na gari likisimama kungoja abiria, taa nyekundu ya oili ilianza kupepesa kwenye dashibodi. Ukikanyaga kidogo, ilizimika. Washauri hawakukosekana. Mmoja alisema tutie oili nzito zaidi, nayo taa itanyamaza. Na kweli mara nyingi hunyamaza, kwa muda. Mwingine, akicheka nusu, alisema tuing'oe balbu. Tunaliandika hili kwa sababu tumesikia ya kuwa kuna magari yanayotembea mjini kwetu yakiwa hayana balbu hiyo, na wanunuzi wake hawajui.

Gereji moja ilitutajia dola 120 na siku nne. Hatukusema kwamba ni wizi, kwa maana kazi ina uzito wake. Lakini siku nne bila teksi, ukiongeza na dola hizo, zilikuwa sawa na karo ya muhula. Basi tulimwendea fundi mzee wa mtaa wetu, aliyestaafu kwa ajili ya macho na mgongo, tukamwuliza kama kazi hiyo yawezekana nyumbani. Alikuja kwanza kuchungulia. Alisema kwamba kuna magari ambayo hangeturuhusu: yale ambayo ekseli ya mbele au boriti ya chuma imepita chini ya karteri, hata injini yenyewe hupaswa kuinuliwa kabla karteri haijapata njia ya kutoka. Hili letu, ukiondoa bomba la moshi lililopita chini yake, lilikuwa wazi. Akakubali kwa sharti moja, kwamba yeye atakaa kwenye kiti na hatashika spana. Sisi tuliosomea ualimu tunajua jinsi ilivyo vigumu kwa mtu anayejua kuiacha mikono yake mapajani. Alitimiza neno lake tangu asubuhi hadi jioni, isipokuwa mara moja tu.

Kizuizi kikubwa hakikuwa fundi, kilikuwa mama wa nyumba. Alituambia mbele ya wote: “Hakuna mtoto wangu atakayelala chini ya gari lililoshikwa na kriki.” Hatukumjibu kwa mzaha, kwa sababu tulijua anamkumbuka nani. Miaka michache kabla ya hapo tulikuwa tumemzika kijana wa mtaa wa jirani. Aliingia chini ya gari lililobebwa na kriki peke yake, penye mteremko, likiwa limezuiwa kwa jiwe moja tu nyuma ya gurudumu. Hakuwa anatengeneza kitu. Alikuwa ametumwa aangalie mahali panapovuja. Kriki iliteleza. Corolla ina uzito wa tani moja hivi, na kifua cha mtu hakiibebi hata nusu yake. Mama yake kijana yule huuza sambaza sokoni mpaka leo, na mama wa nyumba yetu hununua kwake hata siku ambazo hatuli sambaza.

Kwa hiyo saa mbili za kwanza hatukugusa buloni hata moja. Uwanja wetu unateremka, kama nyanja nyingi za Bukavu, nasi tulilisukuma gari mpaka kwa jirani mwenye sakafu ya saruji iliyolala sawa. Magurudumu ya nyuma tuliyafungia mawe mbele na nyuma, tukavuta breki ya mkono, tukaacha gia imeingia. Tuliinua mbele kwa kriki, kisha tukaweka vile viegemeo vya chuma vyenye miguu mitatu ambavyo fundi aliviazima, chini ya zile sehemu nene za bodi zilizotengenezwa kwa ajili ya kubeba. Kriki tukaishusha mpaka uzito wote ukakaa kwenye viegemeo. Mmoja wa vijana alikuwa ameleta matofali ya saruji yenye matundu. Fundi aliyarudisha yote: tofali la namna hiyo hubeba ukuta miaka mingi, lakini likikandamizwa na chuma mahali padogo hupasuka ghafla, pasipo kuonya. Gurudumu la akiba na gogo nene tuliviingiza chini ya gari pembeni, ili siku ya baya chuma kikianguka kikutane na gogo kabla ya mtu. Halafu wanaume wanne tulilisukuma gari kwa mabega, kushoto na kulia, kwa nguvu kuliko zile ambazo spana ingeweza kulitikisa nazo. Halikuyumba. Mama wa nyumba alitazama yote hayo amesimama, kisha akaomba funguo za gari, akazifunga kwenye pindo la kitenge chake. “Sasa ingieni,” alisema.

Vijana, mtu akiwaambia kwamba kufungua karteri ni kazi ya buloni, mwulizeni amechukua muda gani kuliinua gari.

Oili hutoka vizuri injini ikiwa na joto kidogo, na kwa desturi watu huiwasha dakika chache kabla. Sisi hatukuthubutu kuwasha injini ambayo tulishuku inakosa oili. Tuliiacha imwagike baridi, polepole, saa nzima. Kizibo cha chini kilifunguliwa kwa spana ya namba 14. Injini ya aina hii huchukua lita 3 hivi pamoja na filtri. Tulipima, tukapata lita mbili na nusu. Basi upungufu ulikuwepo, lakini si wa kuwasha taa. Rangi ilikuwa nyeusi, na nyeusi peke yake haina ubaya. Ingekuwa rangi ya kahawa ya maziwa, tungejua kwamba maji yameingia, na shughuli ya siku ile ingekuwa nyingine kabisa.

Bomba la moshi lilitusumbua kuliko tulivyotazamia. Nati zake zilikuwa zimeshikana na kutu, ingawa tulizilowesha kwa mafuta tangu usiku. Tulikwenda nusu mzunguko mbele, robo mzunguko nyuma, mafuta tena. Ikapita adhuhuri.

Buloni za karteri zenyewe zilikuwa nyepesi. Vichwa vyake ni vya namba 10, vyuma vyake ni vyembamba vya milimita 6, na hapo ndipo hatari yake ilipo, maana mkono wenye hasira huzikata kama bua la mtama. Binti yetu wa mwisho alikuwa amechora umbo la karteri juu ya kipande cha katoni na kutoboa tundu kwa kila buloni. Kila iliyotoka aliichomeka mahali pake. Hatukumfundisha, alisema ndivyo wanavyofanya shuleni na vifungo vya nguo katika ushonaji. Kwa njia hiyo tulijua mara moja kwamba buloni moja haikuwa ya ukoo ule: ilikuwa fupi, ya kuokota, na imewekwa kona ya nyuma ambako mtu haoni. Nne za pembeni tulizilegeza bila kuzitoa, ili karteri isituangukie usoni.

Lakini haikuanguka. Buloni zote zimelegea, na bakuli limeng'ang'ania pale pale kana kwamba limeunganishwa kwa moto. Mwana wetu alichukua bisibisi kubwa, akaielekeza kwenye ufa kati ya karteri na injini, akainua nyundo. Hiyo ndiyo mara moja ambayo fundi aliondoka kitini. Alimshika mkono, akasema: “Papa, weka chini hiyo. Uso ule ukiupiga kovu, oili itapita kwenye kovu lile siku zote, na karteri mpya haitakusaidia.” Maana uso wa juu ni wa injini yenyewe, na injini hainunuliwi sokoni Kadutu kwa bei ya karteri. Badala yake tulitumia kisu chembamba cha wapaka rangi. Kiliingizwa kidogo kwenye kona moja, kikagongwa pole pole kwa kipande cha mti kikitembea ubavuni kama mtu anayemenya chungwa. Nusu saa ilipita bila mabadiliko yoyote ya kuonekana. Kisha kona ikaachia kwa sauti ndogo ya kunata, na nyingine ikafuata. Tulizimalizia buloni nne huku vijana wawili wakiishika karteri kwa mikono, beseni likiwa chini, kwa kuwa karteri hubaki na oili ambayo kizibo hakiwezi kuitoa yote.

Tuliigeuza kuelekea mwanga, tukaiona habari yote imeandikwa humo.

Katikati ya sakafu palikuwa na mwinuko, mkubwa kama kiganja cha mtoto, na juu ya mwinuko ule alama inayong'aa yenye umbo la mdomo wa kichujio. Hilo lilikuwa jiwe la Kavumu. Lakini fundi hakuridhika. Alituambia tukitazame kichujio chenyewe, kilichokuwa kingali kinaning'inia kwenye injini. Wavu wake ulikuwa umejaa vipande vya silikoni, vyembamba na virefu kama minyoo, vimelala kimoja juu ya kingine. Zaidi ya nusu ya matundu yalikuwa yamefungwa. “Jiwe limefunga nusu ya mlango,” alisema fundi, “na nusu nyingine ilikuwa imekwisha kufungwa.”

Miaka miwili kabla, karteri hiyo ilikuwa imefunguliwa katika gereji moja kwa sababu ya kuvuja. Tulikumbuka jinsi tulivyoifurahia kazi ile. Silikoni ilikuwa imejitokeza pande zote kwa unene, imepanguswa vizuri kwa kidole, nasi tulisema kwamba fundi yule hakutubania. Hatukufikiri kwamba silikoni inapobanwa kati ya vyuma viwili hutoka pande mbili. Ile ya nje inaonekana na kusifiwa. Ya ndani, kwa kipimo kile kile, hukauka ikining'inia juu ya oili ya moto, siku moja hukatika, na mkondo wa oili huibeba mpaka mdomoni mwa pampu. Tunadhani wengi wa vijana wetu wanaojifunza gerejini hawajaambiwa jambo hilo hata mara moja, kwa sababu mteja hulipa kwa kile anachokiona, na mwalimu wao anamjua mteja.

Lilibaki swali ambalo sote tuliliogopa: je, injini ilikuwa imeumia? Fundi aliomba sumaku. Tuliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, tukaifunga kwa mfuko wa plastiki, tukaipitisha kwenye matope meusi ya sakafuni. Iliinua unga laini wa kijivu, laini kama wanja. Huo ni ulaji wa kawaida wa chuma katika injini yenye umri. Kisha tukatafuta kwa macho, maana sumaku haivuti kila kitu: vile vyuma laini vya beringi, vinavyoubeba mhimili mkubwa wa injini, havivutwi na sumaku. Vikianza kuliwa, huonekana kama magamba madogo yanayometa, ya rangi ya fedha au ya shaba. Tulichambua matope yote kijiko kwa kijiko juu ya kitambaa cheupe. Mwana wetu hakusema neno muda wote huo, na jasho lilimtoka ingawa alikuwa amekaa kivulini. Hatukuona gamba hata moja. Aliinuka, akaenda kunywa maji, akarudi akiimba.

Kusafisha kulimaliza siku iliyofuata, na hatutawachosha kwa maelezo yake. Tuliosha kwa mazutu, si kwa petroli. Mvuke wa petroli hutambaa chini, nao haungoji kiberiti; cheche ndogo tu, au jiko la mama linalowaka upande wa pili wa ukuta, linautosha. Kichujio kilifunguliwa, kikaoshwa, kikapulizwa, kikarudishwa na gasketi yake mpya. Silikoni ya zamani tulikwangua kwa plastiki ngumu na subira, tukiwa tumeziba pampu kwa kitambaa safi ili uchafu usipande juu. Mikono tuliivalisha mifuko. Oili iliyotumika ina vitu vibaya kwa ngozi, vinavyoweza kuleta hata saratani kwa mtu anayeigusa miaka na miaka, na tunawaona vijana wa gereji wakiinawa kama maji.

Kazi iliyotupendeza kuliko zote ilikuwa ya karteri yenyewe. Mwinuko tuliugonga kutoka ndani, juu ya mfuko wa mchanga, kwa nyundo ya mti, mpaka sakafu ikarudi mahali pake. Ukingo nao ulikuwa umejikunja kuzunguka kila tundu la buloni, kwa sababu mtu aliyeifunga mara ya mwisho alikaza kwa nguvu za bega. Tuliulaza juu ya ubao na kuunyoosha tundu kwa tundu. Swali likawa: bati lililobonyea na kunyooshwa, je, halikupasuka mahali jicho lisipoona? Fundi aliuliza nyumba hii kama ina chaki. Ndani ya nyumba ya mwalimu! Alituagiza tupake chaki iliyosagwa na maji upande wa nje, tuiache ikauke mpaka iwe nyeupe, kisha tumimine mafuta ya taa kidogo ndani na kungoja. Mafuta ya taa ni mepesi, hupenya pale ambapo maji hayapiti; pakiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, doa litajichora lenyewe juu ya chaki. Tulingoja tangu chakula cha mchana hadi vijana waliporudi kutoka mpira. Chaki ilibaki nyeupe.

Katika kurudisha, fundi alitaka kila kitu kiwe kidogo. Nyuso zote mbili zipanguswe mpaka kitambaa kitoke kikavu na safi, maana silikoni haishiki penye mafuta. Uzi wa silikoni uwe mwembamba, wa milimita 3 hivi, mmoja usiokatika, unaopita upande wa ndani wa matundu ya buloni. Karteri ipandishwe mara moja kabla silikoni haijaanza kukauka, ikae mahali pake bila kuteleza huku na huku. Buloni ziingizwe zote kwa vidole kwanza, binti akizitoa kwenye katoni yake moja moja, na ile fupi ya kuokota ikapata mbadala wake. Kisha zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kuvuka huku na kule, raundi mbili.

Zikazwe kwa nguvu gani? Tuliwapigia vijana hesabu. Buloni za namna hii mara nyingi hutakiwa kukazwa kwa newtoni-mita kati ya 5 na 10 tu. Spana yenye urefu wa sentimita 20 ukiishika mwishoni, 10 hizo ni sawa na kuning'iniza kilo 5 hivi, na 5 ni nusu ya hapo. Tulifunga mfuko wenye kilo mbili na nusu za mchele kwenye mwisho wa spana ili kila kijana auhisi uzito huo kwa mkono wake kabla ya kuruhusiwa kuingia chini. Walicheka: hiyo ni nguvu ya mtoto! Ndiyo hiyo.

Hatukutia oili jioni ile. Karatasi ya silikoni ilisema ingoje saa 24, nasi tuliamua kumpa mtengenezaji wake heshima ya kumsadiki. Mama wa nyumba alibaki na funguo kitengeni mwake.

Oili ya zamani ilikuwa ndani ya bido la njano, lita mbili na nusu pamoja na yale ya beseni. Kijana mmoja aliuliza kama aimwage kwenye mfereji. Ukiufuata mfereji wa mtaa wetu kwa miguu, unapinda mara tatu, unapita nyuma ya soko dogo, na baada ya muda mfupi uko ziwani, pale watoto wanapochota maji na wavuvi wanapoanika nyavu. Tulimwomba aufuate kwanza, kisha arudi kutujibu mwenyewe. Alirudi kimya, akalifunga bido kwa mfuniko wake. Siku ya pili seremala alilichukua kwa ajili ya kupaka miguu ya nguzo zinazoliwa na mchwa. Si dawa kamili, kwa maana nayo inaingia udongoni, lakini katika mji usio na mahali pa kuipokea oili chafu, hatukupata mlango ulio bora kuliko huo.

Baada ya saa 24 tulitia filtri mpya na lita 3 za oili ya uzito ule ulioandikwa kwa ajili ya injini ile, si mzito zaidi. Mama alifungua pindo. Injini iliwaka, taa nyekundu ikakaa kwa muda wa kuhesabu hadi tatu, muda uliotuonekea mrefu, kisha ikazimika. Tuliiacha injini ipate moto kabisa, ikinguruma kwa upole mahali pake, sote tumeinama dirishani tukiangalia kitaa ambacho hakikuwaka. Chini tulitandaza katoni safi na kuiacha usiku kucha.

Asubuhi palikuwa na doa moja, la ukubwa wa sarafu. Kijana alilinusa, akaligusa, akalipaka kati ya vidole: lilikuwa maji ya mvua yaliyotiririka kutoka kwenye bodi. Hata hivyo alitaka kuzikaza buloni zote tena kidogo, kwa usalama. Fundi alimkataza kutoka upande wa pili wa ua, bila kuondoka kitini: silikoni iliyokwisha kukauka ukiikaza tena, unaipasua. Basi spana zikaoshwa zikarudi sandukuni, viegemeo vikarudishwa kwa mwenyewe, na saa moja na nusu teksi ilikuwa Panzi ikipakia.

Katoni ile tuliitandaza kila usiku kwa wiki nzima.